Nikiwa Darasa la Tatu, Usonji Ulikuwa Wapi?

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la tatu, 8-4-4 ikiwa bado mpya, na neno usonji sikuwa nimelisikia. Mwalimu wangu naye sidhani alikuwa amelisikia. Nilikuwa "mpole". Nilikuwa pia "mwenye maringo", kwa sababu sikuwa nasalimia watu inavyotakiwa, na siku zingine "mtoto wa ajabu kidogo lakini hesabu anajua". Maneno ya kunieleza yalikuwepo mengi. Hakuna hata moja lililompeleka mtu kwa daktari.

Leo nina miaka 46. Nyinyi mnaosoma hapa, wengi wenu mna nusu ya umri wangu na neno hili mnatembea nalo mfukoni, ndani ya simu. Unaona video tatu za TikTok usiku, unaketi kitandani: ebu ngoja, si huyu ni mimi? Sina ubaya na hilo. Mimi pia nilianza hivyo hivyo, miaka miwili iliyopita. Ila mtu wa umri wangu akijiuliza kama ana usonji, anajikuta anauliza pia alikuwa wapi siku hizo zote, na ni nani alipaswa kumwona. Kwa hivyo nilifanya kile ninachofanya kila jambo likinilemea. Nilinunua daftari nikaanza kusoma historia yake kuanzia mwanzo, mwaka kwa mwaka, na rangi tofauti ya kalamu kwa kila nchi. (Ndiyo, najua. Hiyo yenyewe ni dalili, dada zangu wameshaniambia.)

Neno la Kizungu lilitungwa na daktari Mswisi, Eugen Bleuler, karibu 1911, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mwenyewe". Hakuwa anazungumzia watoto. Alikuwa anawaeleza watu wazima wenye skizofrenia, neno jingine alilolitunga yeye, waliojifungia ndani ya dunia yao. Shika hapo, kwa sababu hayo maneno mawili yalikaa nyumba moja kwa miaka mingi, na kuna mtu wa familia yangu aliyelipia.

Mwaka 1925 kule Moscow, daktari Grunya Sukhareva alichapisha maelezo ya wavulana sita ambao leo ungesoma na kusema bila kusita, hawa ni wa usonji. Dunia haikumsikiliza. Alikuwa mwanamke, aliandika Kirusi, na hata tafsiri ya Kijerumani iliyofuata mwaka mmoja baadaye haikumsaidia. Maelezo hayo yalipata tafsiri ya Kiingereza 1996. Mimi wakati huo nilikuwa sekondari, nakula peke yangu.

Anayetajwa sana ni Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, na karatasi yake ya 1943 kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Mtoto wa kwanza kwenye orodha ni Donald T. Jina lake kamili lilikuja kujulikana baadaye: Donald Triplett, wa mji mdogo uitwao Forest, Mississippi. Alikuwa anazungusha vitu sakafuni, anahesabu, hamtazami anayeingia chumbani. Wazazi walimpeleka kwa Kanner Oktoba 1938. Kabla ya kufika, baba yake, aliyekuwa wakili, alimtumia daktari barua ya kurasa 33 zilizopigwa chapa.

Kurasa 33! Nilisimama hapo siku kadhaa. Fikiria kinachohitajika ili barua kama hiyo iandikwe. Lazima kuwe na baba aliyesoma, mwenye ofisi na mashine ya kuandikia, na mwenye wakati wa kukaa chini kukumbuka mtoto alikula nini akiwa na mwaka mmoja. Nauli ya kutoka Mississippi hadi Baltimore nayo lazima iwepo. Familia ya mama yake Donald ilikuwa na hisa katika benki ya mji. Karibu nusu ya watu wa Mississippi wakati huo walikuwa weusi, na miongoni mwa watoto 11 wa Kanner hakuna hata mmoja mweusi. Kanner mwenyewe aliona kwamba wazazi wa watoto wake ni watu wa akili nyingi na kisomo kikubwa, maprofesa, madaktari, mawakili, na akaona hiyo ni sehemu ya hali yenyewe. Kwamba hao ndio waliokuwa na uwezo wa kufika mlangoni pake, hilo alilipita.

Donald aliishi vizuri, kwa taarifa yako. Alifanya kazi katika benki hiyo, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Mji mzima ulimjua na ulimlinda. Namwonea wivu kidogo, na wivu wangu hauko kwa benki.

Mwaka huo huo wa 1938, Donald akiwa njiani kwenda Baltimore, hapa Nairobi daktari Mwingereza aitwaye J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, ile iliyoanza 1910 kama mahali pa kuwafungia walioitwa wendawazimu. Carothers hakuwa amesomea magonjwa ya akili wakati huo. Alikaa hadi 1950, akahesabu wagonjwa Waafrika waliokuwa wakiletwa, wengi wao wakiletwa kwa sababu wamesumbua watu hadharani, na kutokana na hao akaandika kuhusu akili ya bara zima. Kitabu chake kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Ndani yake anasema kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, na anamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa sehemu hiyo. Anasema pia kwamba huzuni ile ya ugonjwa ni nadra kwetu. Bila shaka ni nadra, kama unawahesabu tu walioletwa na askari! Mama aliyekaa kwake gizani na kuacha kula, nani angempeleka Mathari? Mwaka uliofuata, 1954, Carothers huyo huyo aliandikia serikali ya kikoloni ripoti ya kueleza Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia. Watu wanadai ardhi, wewe unapima vichwa vyao.

Nawaweka Kanner na Carothers ukurasa mmoja wa daftari makusudi. Hawakufanana kitabia. Kanner alikuwa mtu makini, na aliwasaidia madaktari wengi Wayahudi kukimbia Ulaya ya Hitler. Lakini wote wawili walikaa mlangoni, wakahesabu walioingia, halafu wakaandika kana kwamba wameona kijiji kizima. Mtoto mweusi asiyesema, awe Mississippi au Taita, hakuwa kwenye hesabu ya Kanner. Na kwenye hesabu ya Carothers, akili ya Mwafrika ilikuwa rahisi mno kupata kitu cha kifahari kama hiki.

Mtafiti mwingine alikuja kutafuta. Victor Lotter, ambaye 1966 alikuwa amechapisha hesabu ya kwanza ya usonji katika eneo zima, Middlesex, na kupata watoto 4.5 kwa kila 10,000, alizunguka miji 9 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo. Matokeo yake yalitoka 1978. Aliwapata wachache. Aliwatafuta katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili, na hivyo vituo vyenyewe vilikuwa vichache, na kila mmoja wetu anajua ni watoto wa nani wangefikishwa huko miaka hiyo na ni wa nani wangebaki nyuma ya nyumba wageni wakija. Angalau yeye alikuja. Mimi nilizaliwa mwaka mmoja baadaye.

Aliyebadilisha mambo kweli, kwa maoni yangu, ni Lorna Wing, daktari wa akili wa London na mama wa binti mwenye usonji, Susie. Mwaka 1979 yeye na Judith Gould walichapisha utafiti wa Camberwell. Hawakusubiri mlangoni. Walichukua eneo moja la London, wakawafuata watoto wenye mahitaji maalum waliojulikana na huduma za afya, elimu na ustawi wa jamii, wawe wanalingana na maelezo ya Kanner au la. Wakakuta watoto wengi ambao hawakuingia ndani ya kisanduku cha Kanner lakini walikuwa ndugu zao kabisa. Kutoka hapo ndipo wazo la wigo lilipoanza, kwamba hali hii haina umbo moja. Mwaka 1981 Wing akaandika kuhusu daktari wa Vienna ambaye wasomaji wa Kiingereza walikuwa hawamjui, Hans Asperger, na hali ya watu wanaosema vizuri, wanaojua mambo chungu nzima kuhusu kitu kimoja, na wanaopotea kabisa kwenye mazungumzo ya kawaida.

Hapo nilianza kujiona. Na hapo ndipo nilipotamani kufunga daftari.

Asperger aliandika 1944 kuhusu wavulana wanne. Kwa miaka mingi alisifiwa kama mtetezi wa watoto, kwa sababu aliwaandikia maneno mazuri: wana akili ya kipekee, watafaa katika jamii. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha kilichokuwa kwenye mafaili ya Vienna. Asperger alipeleka watoto Am Spiegelgrund, mahali ambapo utawala wa Nazi uliwaua watoto waliohesabiwa hawana faida. Watoto 789 walikufa huko. Mmoja aliyepelekwa kwa saini yake, mwaka 1941, hakuwa ametimiza miaka mitatu.

Kwa hivyo mtu akiniambia "lakini wewe ni ile ya akili nyingi, si ile mbaya", na nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda, mwili unanisisimka. Huo mstari kati ya ile nzuri na ile mbaya uliwahi kuchorwa na mtu, kwa kalamu, na upande mmoja wake kulikuwa na gari linalongoja. Mwongozo wa madaktari wa Marekani ulilipokea jina la Asperger 1994 na kuliondoa 2013, kila kitu kikawekwa chini ya wigo mmoja, hata kabla ya hayo mafaili kuchapishwa. Sililii jina hilo.

Toleo hilo la 2013 lina sentensi moja niliyoinakili kwa kalamu nyekundu. Kwa maneno yangu: hali lazima iwe ilikuwepo tangu utotoni, lakini huenda isionekane waziwazi mpaka siku maisha yanapodai kuliko uwezo wa mtu. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Miaka 17 nilikaa na vitabu vya sacco, ndani ya chumba chenye mlango, na sikuwa na shida na mtu. Kisha nikapandishwa cheo, wakabomoa kuta, nikawekwa katikati ya ofisi ya watu 30 kusimamia wenzangu. Ndani ya miezi minane nilikuwa nalia kwenye choo cha orofa ya nne, kila siku, saa saba kasorobo. Wakasema ni umri. Wakasema ni homoni.

Kuna dodoso linalozunguka mtandaoni, lile la maswali 50 lililotengenezwa Cambridge na kutolewa 2001. Nilipata alama 37, na mpaka waliouweka wenyewe ni 32. Lakini nilicheka njia nzima. Linakuuliza kama huwa unaona namba za magari. Jamani, nionyeshe Mnairobi asiyeona namba za magari! Hapa namba ndiyo inayotuambia gari limeingia lini na jirani amekopa kiasi gani. Linauliza kuhusu maktaba na sherehe, jumba la maonyesho na makumbusho, kana kwamba mtu wa Kayole anashinda akichagua kati ya hizo. Na wale wanaopima kwa kukutazama wataangalia macho, kama unayakwepa. Mimi nilifundishwa kwa kofi kwamba msichana hamkodolei mtu mzima macho. Msichana mnyamavu anayeangalia chini katika Kenya ya 1988 alikuwa ndoto ya kila mwalimu. Ningetambuliwa vipi, na kila dalili yangu ilikuwa inapewa zawadi siku ya wazazi?

Salamu zilinishinda, hizo hazikupewa zawadi. Nilizikariri kama jedwali la mara: habari ya asubuhi, ya nyumbani, ya kazi, ya watoto, haya Mungu ni mwema. Mpaka leo mtu akiruka hatua moja napotea.

Basi nikaamua kutafuta daktari. Bei niliyotajiwa ilizidi kodi yangu ya miezi miwili, na hiyo nilijipanga nayo. Kilichonishtua ni fomu. Walitaka mtu aliyenijua kabla sijafika miaka mitano, aeleze nilianza kusema lini, kama nilionyesha vitu kwa kidole, kama nilicheza na wenzangu. Yaani walitaka mama yangu.

Nilikuwa tayari nimesoma sura ya akina mama. Mwaka 1949 Kanner aliandika kuhusu wazazi wasio na joto, na kutoka hapo ukazaliwa usemi wa mama friji, mama baridi aliyemgandisha mtoto. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, mtu aliyewahi kufungwa Dachau na Buchenwald, aliandika kitabu kilichouzwa sana akiwalinganisha akina mama hao na walinzi wa kambi. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaonyesha tangu 1964 kwamba ni suala la mwili na ubongo, wala halihusu mapenzi ya mama, lakini lawama hutembea haraka kuliko utafiti. Hapa kwetu hazikuhitaji kusafiri. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kutoka 2015 uliwauliza watu usonji unatoka wapi, na wakataja roho wabaya, uchawi na laana, pamoja na urithi na matatizo ya kujifungua. Karibu kila mlango wa orodha hiyo ukiufungua unamkuta mama amesimama. Wazazi walioanzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003 walikuwa wanajua hayo kwa ngozi zao.

Mama yangu ana miaka 74, mwalimu mstaafu, anaishi Voi. Nilishuka na treni. Nilingoja amalize kuchambua mchele.

"Mama, kuna daktari anataka kujua nilivyokuwa nikiwa mdogo."

"Unaumwa?"

"Hapana. Anataka kujua nilianza kuongea lini. Kama nilikuwa nacheza na wenzangu."

Akaweka ungo chini. "Anataka kujua nilikosea wapi."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa mpangilio wa miaka, nikaanzia na Mswisi, na yeye akanisikiliza jinsi anavyonisikiliza tangu nizaliwe, yaani mpaka mwisho. Nilipofika mahali pa watu wanaojua kila kitu kuhusu kitu kimoja, akainua mkono.

"Kama mjomba wako na ng'ombe."

Mjomba, kaka yake mkubwa, alijua ukoo wa kila ng'ombe wa mlima wetu kule Taita, nani alizaliwa na nani, aliuzwa lini, kwa nani, ana doa wapi. Alikula kwenye sahani moja ya bati na hakutaka nyingine. Mwaka 1974, kwenye matanga ya babu, kelele na watu vilimzidi, akaanza kujigonga kichwa ukutani. Walimfunga kamba wakampeleka hospitali. Mama aliiona kadi: skizofrenia. Alidungwa sindano miaka na miaka, akarudi mzito, mikono ikitetemeka, na majina ya ng'ombe hakuyataja tena. Alifariki 1991.

Siwezi kusema mjomba alikuwa na usonji. Hakuna atakayeweza kumpima sasa. Ninachojua ni kwamba mwongozo wa Marekani wa 1968 uliwaweka watoto wa aina ya Donald chini ya skizofrenia ya utotoni, na kwamba usonji ulipata nafasi yake yenyewe humo mwaka 1980. Mwaka 1974, hata kama daktari aliyempokea angekuwa bingwa, angeweza kufungua kitabu chake na asipate mahali pa kumweka mjomba tofauti na pale.

Mama alikaa kimya. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayehesabu chenji: "Kama ni wewe, basi pengine na yeye. Na kama ni yeye, mwanangu, tulimfunga kamba kwa nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nililala huko siku mbili. Hatukulizungumza tena, alinipikia ndizi na tukaangalia habari.

Fomu ilikuja wiki iliyopita, imefungwa kwa bahasha ya khaki, kwa basi. Visanduku vyangu amevijaza vyote kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Nilianza kusema nikiwa na miaka miwili na miezi minne. Vidole sikuonyesha. Nilipanga vifuniko vya soda kwa rangi chini ya meza na nililia vikisogezwa. "Hakusumbua mtu," ameandika, kisha akalikata. Pale chini, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, mistari haikumtosha, akabandika kwa pini karatasi nne za daftari, zimejaa mbele na nyuma. Zinaanza na mwaka wa kuzaliwa kwa mjomba. Ukurasa wa tatu wote ni majina ya ng'ombe.

Miadi yangu ni tarehe 9. Sijui kama daktari atataka kusoma hizo karatasi nne. Nimezitoa nakala, na nitaenda nazo.